Anayefika Lingeka Aone Nini?

Magari ya watalii yanayotoka Mwanza kwenda Serengeti hupita Lamadi, wilayani Busega mkoani Simiyu, kisha huingia hifadhini kwa lango la Ndabaka. Hapo Lamadi kuna njia panda. Lami ya kulia inakwenda Bariadi, kilomita 70 hivi, na kutoka Bariadi unaweza kuendelea Itilima, Maswa, na hatimaye Meatu, ambako iko kata ya Lingeka. Karibu magari yote hunyoosha. Waulize madereva kwa nini, utaambiwa kule hakuna cha kuona. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hata wenyeji wengi watakujibu hivyohivyo. Mwalimu wa historia wa Simiyu akipanga ziara ya wanafunzi, huwaza Bagamoyo, Kilwa au Olduvai. Hawazi eneo lililo nyuma ya shule yake.

Macho yetu yamefundishwa na pwani. Tumejifunza kwamba mahali pa kihistoria ni penye ukuta wa mawe ya matumbawe, mlango wa nakshi, kaburi lenye maandishi na kibao cha serikali. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia mapema zaidi, mwaka 1981. Zinastahili heshima hiyo. Lakini tukizifanya kipimo cha nchi nzima, sehemu kubwa ya Tanzania Bara itabaki haina historia ya kutembelewa, kwa sababu watu wake walijenga kwa miti, udongo na nyasi, wakahama ardhi ilipochoka, wakajenga tena.

Sheria nayo inatazama kwa macho hayohayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo na miundo iliyowekwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Jengo au eneo la baadaye kwa kawaida hulindwa pale waziri mwenye dhamana anapolitangaza. Fikiria maana yake kwa Usukuma, nchi hii ya Wasukuma. Nyumba ya msonge huezekwa upya kila nyasi zinapooza, na baada ya muda hubomolewa ikajengwa nyingine. Hakuna msonge hata mmoja unaoweza kuuvuka mstari huo wa 1863. Kila jengo ambalo mzee wa Lingeka atakuonyesha akisema "hili ni la babu yangu" liko nje ya ulinzi wa kawaida wa sheria, mpaka mtu fulani aandike barua, barua ifike wizarani, na tangazo litoke. Kwa vijiji vya mbali barua hiyo kwa kawaida haiandikwi, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba inawezekana.

Majirani wetu wameonyesha kwamba inawezekana kufikiri tofauti. Makaburi ya Kasubi mjini Kampala, walikozikwa makabaka wa Buganda, yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 2001, na jengo lake kuu ni la miti na nyasi. Lilipoteketea kwa moto Machi 2010, Buganda ilikuwa bado na watu wanaojua kulisimamisha tena, maana kazi ya kuezeka ni dhamana ya ukoo wa Ngeye, nayo hurithishwa. Ujenzi ulichukua miaka mingi na ulikuwa na mivutano yake, lakini mwaka 2023 Kasubi iliondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Zanzibar, kwa upande wa pili, jumba la mawe la Beit al-Ajaib liliporomoka sehemu yake Desemba 2020. Jiwe halidumu kwa kuwa ni jiwe.

Mfano ulio karibu zaidi na Lingeka uko Kenya. Makaya ya Wamijikenda yalitambuliwa na UNESCO mwaka 2008. Ukiyatembelea hutakuta mji. Utakuta msitu, na ndani ya msitu nafasi palipokuwa na makazi ambayo watu waliyahama. Kufikia miaka ya 1940 mengi yalikuwa hayakaliwi tena. Dunia ilikubali kwamba mahame yanayotunzwa na wazee, yenye miiko ya kutokata mti na njia maalumu ya kuingilia, ni urithi kamili. Ndiyo maana naamini Simiyu inayo mali nyingi kuliko inavyojihesabia, kwa kuwa Simiyu imejaa mahame.

Kwa nini yawe mengi hivyo? Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 kaya za Kisukuma ziliishi kwa kutawanyika, kila mji na mashamba yake na zizi lake. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Katikati ya muongo huo, mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijiji vya pamoja, na Usukuma wote uliguswa. Nyumba ziliachwa, nyingine zikabomolewa ili watu wasirudi. Mistari ya nyumba unayoiona leo kando ya barabara za Meatu, shule hapa, zahanati pale, ina asili yake katika miaka hiyo. Nyuma ya mistari hiyo, porini na mashambani, miji ya zamani bado inasomeka kwa anayejua kuisoma.

Cha kwanza kutafuta ni minyaa. Wasukuma walipanda minyaa kuzungushia mji na zizi, na mmea huu haufi kirahisi. Ng'ombe hawauli, na utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni utajuta. Nyumba imekwenda, uzio umebaki. Ukiona duara la minyaa mirefu katikati ya shamba la pamba, umesimama nje ya mji wa mtu. Tafuta uwazi katika duara hilo, ndipo palipokuwa na lango. Ndani, angalia rangi ya ardhi. Palipokuwa zizi, samadi ya miaka mingi imeuacha udongo mweusi, na mtama unaoota hapo huwapita wenzake kimo. Vigae vya vyungu huibuka baada ya mvua. Wakati mwingine utalikuta jiwe la kusagia, limelika katikati likafanya bonde laini lenye upana wa viganja viwili, na hapo huhitaji kuelezwa na mtu ni mikono mingapi ya akina mama na mabinti iliyopita juu yake. Tafadhali usilibebe. Jiwe hilo likipelekwa kupamba sebule mjini linakuwa jiwe tu. Likibaki pale linakuonyesha jiko lilikuwa wapi, na jiko likijulikana, nyumba yote inajulikana.

Lakini minyaa peke yake haisemi jina la mwenye mji. Hilo analijua mtu. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati wa uhamisho wa 1974 leo amevuka 60, na waliokuwa watu wazima wakati ule ni wachache mno. Baada ya miaka kumi na mitano hivi tutabaki na maduara ya minyaa yasiyo na majina, na trekta la mkulima anayepanua shamba halitakuwa na sababu ya kuyakwepa. Hatari hii naiona kubwa kuliko mchwa, mvua au wizi wa vitu vya kale.

Cha pili ni ngitili, na hapa mgeni anakutana na urithi unaofanya kazi bado. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiguse, kisha hufunguliwa kiangazi kikiwa kikali ili ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia wapate majani. Ipo ya kaya na ipo ya kijiji. Maarifa haya yana historia nzito nyuma yake. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe kwa wingi, malisho yakageuka vichaka, na mbung'o wakasogea. Serikali ya kikoloni ikajibu kwa mashoka: kuanzia miaka ya 1920 watu walikusanywa kwa maelfu kufyeka miti Shinyanga, chini ya C.F.M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o. Kilimo cha pamba nacho kikaendelea kula miti. Uhamisho wa Operesheni Vijiji ukawatenga wafugaji na ngitili zao. Kufikia miaka ya 1980 mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ulikuwa ukitajwa kama mfano wa nchi inayogeuka jangwa.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Uamuzi wake wa busara ulikuwa kuacha kuwafundisha Wasukuma kupanda miche ya kigeni, na badala yake kuwauliza walikuwa wanafanyaje zamani. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Naomba msomaji asimame kidogo kwenye tarakimu hizo. Tunapozungumzia ukarabati wa urithi huwa tunawaza chokaa na mafundi wa kupaka kuta. Huu hapa ni ukarabati wa desturi iliyokuwa imekaribia kufa, katika eneo kubwa mno, na waliofanya kazi ni wenye desturi wenyewe. Ziara ya Meatu isiyopita kwenye ngitili, mgeni akiambiwa ni nani aliyeifunga, lini itafunguliwa, na faini ya anayeingiza mifugo kabla ya wakati ni nini, itakuwa imepita mbali na jambo kubwa kuliko yote katika nchi ile.

Pamba nayo ina mambo yake ya kale, ingawa ni ya juzi. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walipochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi binafsi, waliunda vyama vyao, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baadaye akawa waziri. Kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Maghala ya ushirika, vinu vya kuchambulia pamba, ofisi yenye dirisha dogo la malipo, haya ndiyo majumba ya historia ya ukombozi vijijini. Malampaka, wilayani Maswa, kuna stesheni ya reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya watu wa huku ilipita huko kwenda bandarini. Sasa reli mpya ya kisasa inajengwa kwenye ushoroba huohuo. Hiki ndicho kipindi cha kuipiga picha na kuipima stesheni ya zamani, kabla mtu hajaamua kwamba matofali yake yanafaa kwa kazi nyingine.

Kuhusu ngoma sina haja ya kusema mengi kwa Msukuma, ila mgeni aelewe jambo moja: aje kwa majira. Ngoma za mashindano huchezwa baada ya mavuno, kuanzia Juni, nyumba zikiwa na chakula na mifuko ikiwa na fedha ya pamba. Wagika na Wagalu, makundi mawili yanayofuata nyayo za mabingwa wawili wa ngoma, manju mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake. Hakuna jopo la waamuzi. Watazamaji hutembea. Kundi likifanya jambo la kushangaza, umati unalikimbilia, na upande wa pili unajikuta unacheza mbele ya vumbi. Kwa hiyo manju anafikiri miezi kadhaa atatoa nini mwaka huu, chatu, sanamu au wimbo wa kumchoma mpinzani. Ukimwomba manju akuchezee Februari, watu wakiwa shambani, utapata vijana sita wenye mavazi. Ngoma hutaiona.

Anayetaka kuyaelewa haya kabla ya kufika kijijini apite kwanza Bujora, karibu na Kisesa ya Magu. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko pale yalianzishwa na padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, aliyeanza kazi hiyo miaka ya 1950. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani zimo ngoma za utemi. Tawala za watemi zilifutwa kisheria mwaka 1963, na kwa ghafla vyombo vile vikawa havina kazi; Bujora iliviokoa vingi. Naishukuru. Hata hivyo, ngoma ya utemi ikiwa ndani ya banda imetenganishwa na mlima ulipokuwa mji wa mtemi, mti wa baraza lake na watu walioisikia ikipigwa. Ntuzu, Itilima na Kanadi zilikuwa tawala zenye maeneo yanayojulikana na wazee mpaka leo. Bujora ingekuwa mlango mzuri wa kuelekea huko, kama ndani yake mgeni angeambiwa wazi: ukitaka kuona ilikotoka ngoma hii, panda basi la Bariadi.

Wapo wageni waliokwisha kupita, nao hatukosi kuwataja. Henry Morton Stanley alivuka nchi hii mwanzoni mwa 1875, akitoka Ituru alikopigana na kupoteza watu, akauhesabu mto Simiyu kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kabisa, na tarehe 27 Februari akafika Kageye, ufukweni mwa ziwa. Kijana wake Frederick Barker alifia hapo na kuzikwa. Kageye ina historia yake nzito ya misafara na biashara ya watumwa, na inastahili kutembelewa. Ila njia yenyewe, siku baada ya siku, ilipita katika vijiji vya Wasukuma vilivyouza nafaka na mifugo kwa watu wake. Vijiji hivyo ndivyo vilivyoulisha msafara, na havina kibao hata kimoja.

Sasa niseme mambo mawili ambayo sitaki kuyaona. La kwanza ni biashara ya hofu. Jina la Gambosi, wilayani Bariadi, limeenea nchi nzima kwa hadithi za uchawi, na ni rahisi mtu kufikiri kwamba hadithi hizo ni kivutio kinachosubiri tiketi. Katika Usukuma huuhuu vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi jikoni. Kila anayeuza tiketi ya uchawi anaupa uzito ushahidi uleule uliotumika kuwaua bibi zetu. Uganga wa miti shamba, utabiri, ngoma za wawinda nungunungu na wacheza nyoka, haya yote ni elimu ya watu na yanaelezeka kwa heshima. Hofu iachwe.

La pili ni utalii usioamuliwa na wenyeji, na mfano wake uko jirani sana na Meatu. Wahadzabe wa bonde la Eyasi wamekuwa wakitembelewa kwa miaka mingi, hasa upande wa Mang'ola. Gari linafika alfajiri, wageni wanafuata wawindaji kwa saa chache, picha zinapigwa, fedha inakabidhiwa, sehemu kubwa ikiwa imebaki njiani, na kilichofika kambini mara nyingi kinaishia kwenye pombe. Wahadzabe hawakuamua saa ya mgeni kuja wala bei yake. Lakini ni Wahadzabe haohao, wa bonde la Yaeda wilayani Mbulu, waliotuonyesha njia nyingine: mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya pamoja kwa ardhi yao, na tangu hapo mtu anayetaka jambo katika ardhi ile anakutana na mwenye hati.

Sheria iliyowasaidia ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na inafanya kazi Lingeka kama inavyofanya Yaeda. Kijiji hakihitaji kusubiri tangazo la waziri wa mambo ya kale. Kinapoandaa mpango wa matumizi ya ardhi, mkutano mkuu unaweza kutenga ngitili, mahame yaliyochaguliwa, kilima cha mtemi na mti wa baraza kuwa ardhi ya pamoja, na kuvitungia sheria ndogo: hapa hapalimwi, mawe hayaondolewi, mgeni haingii bila mwenyeji. Mpango huo hauwi wa maana kama maafisa wa wilaya wataleta ramani iliyokwisha kuchorwa. Uanze kwa kutembea na wazee, kifaa cha GPS mkononi, na kila duara la minyaa liandikwe jina la mwenye mji, mwaka aliohama na mahali walipo wajukuu wake. Vijana wa sekondari wanaweza kuifanya kazi hii likizo moja ya Juni, na nakala moja ya daftari ibaki ofisi ya kijiji, isiende yote chuoni na mtafiti.

Kisha wanakijiji wakae waamue bei, na malipo yagawanywe wazi mbele ya mkutano. Programu ya utalii wa utamaduni ilipoanza kaskazini mwa nchi katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la Kiholanzi SNV, ilikuwa na utaratibu wa kutenga sehemu ya malipo ya mgeni kwa maendeleo ya kijiji. Palipokuwa na hesabu zinazosomwa hadharani, utaratibu ulishika. Kwa Lingeka ningetenga pia fungu la mzee anayesimulia, alipwe siku hiyohiyo mkononi kama fundi yeyote, kwa kuwa maarifa yake ndiyo bidhaa na yeye hana miaka mingi ya kusubiri mgawo. Fungu jingine liende kwa kaya itakayompikia mgeni, na mgeni apewe michembe ya viazi vitamu na maziwa ya mgando kama anavyopewa shemeji aliyetoka safari, ale alichokikuta. Wa kwanza kualikwa wawe wanafunzi wa Mwanhuzi, mji wa wilaya ya Meatu, na wa Bariadi, kwa nauli ya basi la kawaida, kabla hatujamtafutia mtu wa mbali viza na ndege.